Jinsi ya Kuchagua Nchi ya Likizo Bila Kutoboa Mfuko

Katika ukoo wetu mimi ndiye mpangaji wa safari, kwa hiyo ndugu na marafiki huniuliza swali lilelile: "Nchi gani ina bei nafuu?" Nami huwarudishia maswali matatu kabla ya kutaja nchi yoyote: unakwenda mwezi gani, unakaa siku ngapi, na pasipoti yako ni ya wapi? Nchi ileile yaweza kuwa nafuu kwa mtu wa wiki tatu na ghali kwa mtu wa siku nne. Yaweza kuwa nafuu mwezi wa tano na isishikike mwezi wa nane. Anayechagua nchi kwanza, kisha ndipo atafute bei, amejifungia milango mwenyewe. Mimi huanza na tarehe na fedha iliyopo, halafu hizo ndizo hunichagulia nchi. Naamini kwa dhati kwamba hii ndiyo njia inayomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kusafiri tena na tena, badala ya kujinyima miaka mingi kwa safari moja.

Husafiri na mume wangu na binti zetu wawili, na mara nyingi mama yangu huwa pamoja nasi. Magoti ya mama hayawezi ngazi nyingi, na jambo hilo limenifundisha kupima bei kwa macho tofauti kidogo, kama utakavyoona.

Hesabu ya siku nzima

Gawa gharama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile unazolipa mara moja, ukae siku mbili au mwezi: nauli ya ndege, viza, bima, chanjo. La pili ni zile za kila siku: malazi, chakula, usafiri wa mjini, viingilio. Tangazo la tiketi rahisi hukuonyesha fungu la kwanza tu, ilhali kwa familia fungu la pili ndilo linalomeza fedha.

Tuseme nchi ya karibu ina nauli ya dola 300, na kila siku ukiwa huko unatumia dola 150. Nchi ya mbali ina nauli ya dola 800, lakini siku yake ni dola 50. Kwa siku tatu, ya karibu inakugharimu 750 na ya mbali 950. Siku ya tano zinalingana, 1,050 kwa 1,050. Ukikaa siku kumi, ya karibu imefika 1,800 na ya mbali 1,300. Fanya hesabu hii kwa nchi mbili zozote unazozifikiria, kisha tafuta siku ambayo zinalingana. Likizo yako ikiwa fupi kuliko hapo, nenda karibu hata kama mji wenyewe una bei za juu. Ikiwa ndefu, nauli kubwa isikutishe.

Gharama ya siku huipataje kabla hujafika? Malazi ndiyo mzigo mkubwa, basi anza nayo, na utafute kwa tarehe zako hasa, si kwa tarehe yoyote. Usiangalie chumba cha bei ya chini kabisa. Angalia kile ambacho kweli ungelala, kilichopo mahali unapoweza kutembea kwa miguu hadi katikati ya mji. Chumba cha nje ya mji hupunguza bei ya usiku na kuiongeza kwenye teksi. Tukiwa na mama, chumba cha ghorofa ya nne kisicho na lifti sikihesabu kabisa, hata kiwe nusu ya bei, kwa sababu atashinda ndani huku sisi tumelipia nchi nzima.

Kwa chakula, natafuta picha za menyu ambazo wateja wamezipiga hivi karibuni katika migahawa ya kawaida. Tovuti ya Numbeo hukusanya bei kutoka kwa watumiaji wenyewe duniani kote, na inafaa kwa kulinganisha mji na mji. Kwa bajeti yenyewe siitegemei.

Zipo nchi ambazo siku yake ni ghali ufanye ufanyavyo: Uswisi, Norwei, Aisilandi. Unaweza kupika mwenyewe na kulala hosteli, ukapunguza, lakini nafuu haitakuwa. Kwa upande wa pili zipo Vietnam, Laos, Kamboja, Nepal, Indonesia, Misri na Jojia, ambako fedha ya siku moja ya Uswisi hutosha siku kadhaa za kula vizuri na kulala pasafi.

Tarehe kwanza, nchi baadaye

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa, na ndipo watu hutumia muda mchache kuliko popote. Kila mahali pana majira matatu: msimu wa watalii wengi, msimu wa watalii wachache, na wiki za katikati ambapo hali ya hewa bado ni nzuri lakini umati haujafika au umeshaondoka. Wiki hizo za katikati ndizo ninazozipenda.

Pwani ya Mediterania, yaani Ugiriki, Italia, Hispania na Kroatia, hufurika Julai na Agosti. Joto huwa kali, foleni ndefu, bei juu. Mwezi wa Mei una jua na maua, ingawa bahari bado ina ubaridi. Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba maji yangali na joto la kiangazi na vyumba vimeanza kushuka bei. Mwenye uhuru wa tarehe achague Septemba bila kusita.

Kwenye nchi za joto, jambo la kujua ni mvua, na mvua haifuati mipaka ya nchi. Thailand ni mfano mzuri. Upande wa Phuket, ulio magharibi, hupata mvua na bahari iliyochafuka kwa mawimbi kati ya Mei na Oktoba, ilhali kisiwa cha Ko Samui, kilicho upande wa ghuba, mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Sri Lanka nayo ina monsuni mbili, yaani pepo za msimu zinazoleta mvua. Ile ya kusini-magharibi hunyesha Mei hadi Septemba, na wakati huohuo pwani ya mashariki, kama Trincomalee na Arugam Bay, huwa kavu na ya kupendeza. Ikifika Desemba mambo yanageuka, na unakwenda kusini na magharibi. Vietnam ni ndefu mno kuizungumzia kwa pumzi moja: Oktoba na Novemba mji wa Hoi An hupata mafuriko, na kusini mvua zinaelekea kwisha. Karibiani ina msimu wa vimbunga kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Bei hushuka wakati huo kwa sababu inayoeleweka, na sipendekezi kuukimbilia unafuu huo bila bima inayolipa safari ikivunjika.

Mvua peke yake isikufukuze. Sehemu nyingi za kitropiki mvua hunyesha kwa kishindo saa chache alasiri, kisha mbingu hufunguka. Kwa mtu anayefuata mahekalu, masoko na chakula, msimu huo ni wa kijani kibichi na bei za upole. Kwa anayefuata kuogelea na kuzamia, ni fedha iliyopotea. Jiulize unakwenda kufanya nini.

Halafu ziangalie sikukuu za huko uendako. Wakati wa Tet, mwaka mpya wa Vietnam unaoangukia mwishoni mwa Januari au katika Februari, treni na mabasi hujaa na maduka mengi hufungwa. Japani ina wiki ya mapumziko mfululizo kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, ambapo taifa zima linasafiri. Thailand ina Songkran, Aprili 13 hadi 15. Kama sikukuu yenyewe ndiyo unayoifuata, vizuri sana, weka nafasi mapema. Kama huifuati, isogeze safari kwa siku kumi tu na utaona tofauti.

Wazazi kama mimi tumefungwa na kalenda ya shule, na najua inavyoumiza kuambiwa "nenda Septemba" wakati watoto wako darasani. Njia yetu ni kutafuta mahali ambapo likizo yetu si msimu wao mkubwa. Mwenye likizo Julai na Agosti aiache pwani ya Mediterania na atazame mashariki mwa Sri Lanka, au miji ya Asia ya Kusini-Mashariki iliyo kwenye mvua za alasiri. Mwenye likizo ya Desemba aondoke mapema mwezi huo kama anaweza, kwa sababu bei za visiwa vya joto huruka wiki ya Krismasi na hazitui hadi Januari ianze. Miji mikubwa ya Ulaya kama Roma, Athens na Lisbon hutulia baada ya mwaka mpya. Kuna baridi, kweli, lakini makumbusho yana paa.

Pasipoti yako ina bei yake

Orodha za "nchi kumi za bei nafuu" huandikwa kana kwamba wasomaji wote wana pasipoti moja. Hapana. Nchi ambayo jirani yako anaingia bure, wewe unaweza kulipia viza, kusafiri kwenda ubalozini na kungoja wiki kadhaa. Gharama hiyo iingize kwenye fungu la kwanza, na uizidishe kwa idadi ya watu.

Mfano wa upande rahisi: tangu Agosti 2023 Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90, kwa dola 25 ukiingia mara moja na dola 50 ukiingia mara nyingi. Upande mgumu ni viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 mtu mzima hulipa euro 90, na mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa 45. Ukikataliwa, hurudishiwi. Pia unatakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hata hivyo viza hiyo moja hufungua nchi 29, kwa hiyo ukishailipia usiitumie kwa siku tatu za mji mmoja. Panga angalau nchi mbili, moja ghali uione kwa siku chache na moja nafuu ukae.

Kama tayari una viza halali ya nchi kubwa kwenye pasipoti, chunguza inakufungulia nini kingine. Meksiko, kwa mfano, huwapokea bila viza yake wageni wenye viza halali ya Marekani. Kagua vilevile uwanja unaobadilishia ndege, maana kuna nchi zinazodai viza hata kwa mtu anayepita tu, na tiketi iliyoonekana rahisi hupoteza unafuu wake hapo. Pasipoti iwe na miezi sita mbele, kwani nchi nyingi hazikubali pungufu ya hapo. Cheti cha homa ya manjano, kama unacho, kitunze vizuri: tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, hakuna haja ya kuchanja upya kila miaka kumi.

Jirani wa mahali maarufu

Umaarufu hulipiwa. Ukipunguza umaarufu kidogo, mara nyingi unapata bahari ileile, historia ya uzito uleule na watu wenye muda wa kuzungumza nawe. Albania inatazamana na kisiwa cha Corfu cha Ugiriki, na feri huvuka kutoka Corfu hadi Saranda. Maji ni yale yale ya bahari ya Ionia, lakini chakula na vyumba kwa jumla viko chini. Ksamil, mji wa ufukweni karibu na Saranda, imeshapata umati na bei zake zinapanda, hivyo mimi humshauri mtu asogee juu kuelekea Himara.

Badala ya kung'ang'ania Lisbon, kaa Porto. Badala ya Barcelona, jaribu Valencia. Badala ya Bali pekee, vuka kwenda Lombok. Mji ninaoutetea kuliko yote ni Kraków nchini Poland. Wakati Vienna na Paris zinatajwa na kila mtu, Kraków ilikuwa miongoni mwa mahali 12 pa kwanza kabisa kuingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1978, pamoja na mgodi wa chumvi wa Wieliczka ulio karibu yake. Uwanja wake mkuu unatembeka bila ngazi, na mama aliweza kuuzunguka wote kwa kupumzika kwenye mabenchi. Sikupata nafasi hiyo katika miji mingi mikubwa ya Ulaya yenye majina zaidi.

Sharti langu ni kwamba mji wa pili uwe unapendeza kwa haki yake. Ukienda mahali kwa sababu tu umekosa fedha za mahali pengine, kila siku utakuwa unalinganisha, na watoto wataliona hilo usoni pako.

Kiingilio kinachobadilisha hesabu

Kabla ya kuamua, andika kile kitu kimoja ambacho usipokiona utajuta, kisha tafuta bei yake. Kuna nchi nafuu zenye kivutio ghali. Kiingilio cha Angkor, mahekalu ya kale huko Kamboja, ni dola 37 kwa siku moja na 62 kwa siku tatu, kwa hiyo anayependa kuona polepole asinunue ya siku moja. Yordani si nchi ya bei ya chini, na dinari yake imefungwa kwenye dola tangu 1995. Kuingia Petra, mji wake wa kale uliochongwa mwambani, kwa siku moja ni dinari 50. Lakini ipo Jordan Pass, ambayo huanzia dinari 70, inajumuisha Petra na vivutio vingine vingi, tena inakuondolea ada ya viza ukiinunua kabla ya kufika na ukakaa usiku tatu au zaidi. Bhutan hutoza mgeni dola 100 kila usiku kama ada ya maendeleo, na hiyo huifanya nchi hiyo itoke kwenye orodha yangu, pamoja na kwamba nauheshimu uamuzi wao wa kutaka wageni wachache.

Kinyume chake kipo pia. London ni ghali kulala, ila British Museum, National Gallery na Tate Modern hazitozi kiingilio kwa mikusanyo yao ya kudumu. Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington ni vivyo hivyo. Familia yenye ndugu wa kuwapokea katika mji wa namna hiyo imeshaokoa sehemu kubwa ya bajeti. Marekani kumbuka jambo moja: bei iliyoandikwa haijajumuisha kodi ya mauzo, na mgahawani mhudumu hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 juu yake.

Nauli

Fungua Google Flights au Skyscanner, weka mahali unapoanzia, na sehemu ya kwenda acha wazi. Ramani itakuonyesha bei za dunia nzima kwa tarehe zako. Chukua tano zinazokuvutia, ziingize kwenye hesabu ya siku nzima, na mbili zitajitoa zenyewe. Safari za katikati ya wiki kwa kawaida huwa chini kuliko za Ijumaa na Jumapili.

Mashirika ya nauli ya chini, kama Ryanair na Wizz Air huko Ulaya au AirAsia yenye makao karibu na Kuala Lumpur, yamewasaidia watu wengi kusafiri, nami nayatumia. Soma tu ukubwa wa begi unaoruhusiwa bure, na utazame uwanja wenyewe uko wapi. Beauvais unaouzwa kama Paris uko kilomita 85 hivi kutoka Paris. Basi la kwenda na kurudi kwa watu watano ni fedha, na ni uchovu.

Ukiweza, ingia kwa mji mmoja na utoke kwa mwingine. Nchi ndefu kama Vietnam, kufika Hanoi na kuondokea Ho Chi Minh City hukuokolea safari nzima ya kurudi nyuma. Kununua tiketi mbili tofauti ili kuunganisha ndege hupunguza bei, lakini ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji wala haikurudishii. Tukiwa na mama, nalipa zaidi kwa ndege isiyobadilishwa, na sioni kwamba nimepoteza.

Sarafu iliyoshuka

Habari za sarafu kuanguka huwavuta wasafiri haraka. Zipime. Mwaka 2024 yeni ya Japani ilishuka hadi takriban 160 kwa dola moja, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1986, na kwa kuwa bei za ndani hazikupanda kwa kasi hiyo, Japani iliyoogopwa kwa ughali ikawa karibu sana na uwezo wa wengi. Uturuki ni tofauti: lira imeshuka miaka mfululizo, lakini mfumuko wa bei umeikimbiza, na chakula cha Istanbul hakikubaki rahisi kama kiwango cha kubadilisha kinavyodokeza. Kwa hiyo angalia bei ya leo ya chumba na sahani ya chakula, sio grafu ya sarafu. Na mashine ya fedha ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo, kwani ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango chao.

Mpangilio wa kulipa

Zikibaki nchi mbili, usilipe yote kwa pamoja. Weka kwanza malazi yanayoweza kufutwa bila gharama. Kama viza inahitajika, iombe mapema. Ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isipungue siku 15 kabla yake. Tiketi isiyorudishwa inunuliwe viza ikishatoka, na kabla ya kubonyeza linganisha kila jina na lilivyoandikwa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Ukiacha ile ya matibabu inayotakiwa kwa viza ya Schengen, bima inunue siku hiyohiyo ya tiketi, ili ikulinde hata ukiugua kabla ya kuondoka.